Saini Yenye Mkia

Cold Ferry, Washington
Ijumaa, 27 Oktoba

Shangazi Eduviges mpendwa,

Kuna swali moja ambalo nimeshindana nalo tangu siku za chuo kikuu, na kazi yangu mpya imeliamsha tena: mtu wa kwanza kati yetu kupewa kiti ndani ya nyumba iliyotufungia mlango miaka yote, je, ameufungua mlango huo, au amegeuka kuwa komeo lake? Chuoni niliandika kurasa arobaini kulijibu, nikasifiwa. Leo sina hakika kama nilijua nilichokuwa nakisema.

Ulipoondoka kwenda kumwuguza shangazi Remedios, nilikuwa ndiyo kwanza nimeapishwa katika ofisi ya uchaguzi ya wilaya. Tuko sita mezani, na ni mimi peke yangu mwenye jina la kwetu Meksiko. Bahasha ya kura ikifika, mashine inaipiga picha, na kwenye kioo mbele yangu zinatokea saini mbili: juu, ile iliyotiwa kwenye bahasha, chini, ile iliyomo katika kumbukumbu, ambayo aghalabu imechukuliwa kwenye leseni ya udereva. Ninaamua kama zinafanana. Zikifanana, bahasha inakwenda kufunguliwa. Wawili wetu tukikubaliana kwamba hazifanani, inawekwa kwenye trei nyekundu, na mwenyewe anaandikiwa barua nyumbani ajaze fomu ya kuthibitisha saini yake, nayo itufikie kabla ya saa kumi na moja jioni, tarehe 27 Novemba. Asipofanya hivyo, kura yake haifunguliwi kamwe.

Siku ya kwanza Gwen, anayeketi kulia kwangu, alisema kwa kicheko, "Haya, Maricruz, sasa binamu zako wote watapita bila kupekuliwa!" Meza nzima ikacheka. Nami nikacheka. Gwen ni mtu mwema. Siku hiyohiyo alinikatia kipande cha mkate wa maboga aliouoka mwenyewe. Ninalitaja jambo hili kwa sababu bado linasikika masikioni mwangu.

Mtaa wetu wa Nne umechangamka. Sisi ni zaidi ya nusu ya mji huu, na tangu mji uwepo hatujapata hata kiti kimoja cha baraza. Sasa kwa kuwa mahakama imeamuru kila mtaa umchague mtu wake, badala ya mji mzima kuvipigia kura viti vyote, Nohemí Barragán anatembea nyumba hadi nyumba akiomba kura, akiwa bado na viatu vyake vya uuguzi. Anashindana na Bwana Hutchins, aliyekaa barazani miaka ishirini na miwili. Mjomba Fermín amesimamisha bango la Hutchins mbele ya nyumba yake. Nilipomwuliza sababu akanijibu, "Nina ekari zangu sasa, binti. Na sipangiwi kura na jina langu la ukoo."

Barua hii naikabidhi kwa Don Abundio. Gari lake la vifurushi linaondoka kesho, na anaapa kwamba ni siku nne tu hadi Michoacán.

Wako,
Maricruz


Huertas Viejas, Michoacán
Alhamisi, 2 Novemba

Maricruz mwanangu,

Barua yako imefika inanuka vitunguu, maana Abundio kaisafirisha ndani ya sanduku la vitunguu. Remedios anakusalimu. Nyonga inaunga, ulimi haukuvunjika hata kidogo.

Kurasa arobaini, na bado hujui! Ungeniuliza mimi ningekujibu kwa mstari mmoja, lakini mimi sina profesa wa kunipigia makofi.

Na tafadhali usinipigie kwenye simu ya duka la dawa. Mwenye duka anasikiliza kwa masikio yake mawili na ya mkewe mawili. Andika.

Leo ni Siku ya Wafu, tumeshinda makaburini. Tumemsugulia babu yako kaburi, tumempambia maua ya manjano, Remedios kakaa kwenye kiti akitoa amri kama jenerali. Nami nikamwambia baba habari yangu: baba, nimepiga kura. Nina miaka sitini na mitatu na nimepiga kura kwa mara ya kwanza maishani mwangu, tena kule, si huku.

Nikuambie nilivyofanya, na usicheke. Nilifuta meza ya jikoni, nikavaa hereni za kanisani. Miaka thelathini na mmoja nimechambua cheri na matofaa yao kwenye ule mkanda wa mashine pale banda la matunda, na hakuna aliyewahi kuniuliza ninataka nini. Siku ya kiapo cha uraia yule afisa aliniambia, "Andika jina lisomeke, mama," nikaliandika herufi moja moja kama mtoto wa darasa la kwanza. Kwenye leseni ndiyo usiseme: kalamu ya plastiki juu ya kioo, ikatoka kama kuku kapita kwenye matope. Lakini hii ilikuwa kura! Nikasema, hawa leo nitawapa saini yangu hasa, pamoja na mkia wake.

Unaujua mkia wa baba. Alikuwa karani wa hakimu miaka yote ile, na sisi binti zake alitukalisha chini mmoja mmoja kabla hatujaolewa: jina hata mwizi anaweza kuliandika, mkia ndio wewe. Mizunguko mitatu kwenda kulia, kisha mstari unarudi chini ya jina lote, na kalamu hainyanyuki. Nimeutia mara nne tu: ndoa, kununua nyumba, kumzika mume, na kukuchukua wewe alipofariki kaka yangu. Hii ya tano.

Sasa wewe uko mezani palepale. Ilipita mbele yako? Niambie tu imefika, nilale.

Shangazi yako,
Eduviges Arreola
(nimeutia na hapa, uutazame)


Cold Ferry
Ijumaa, 10 Novemba

Shangazi mpendwa,

Nohemí yuko nyuma kwa kura saba. Hutchins ana mia sita na kumi na tisa, yeye mia sita na kumi na mbili, na bahasha hamsini na nane za mtaa wetu ziko kwenye trei nyekundu. Arobaini na tisa kati ya hizo zina majina kama letu.

Umeniuliza kuhusu bahasha yako. Ilifika. Niliiona kwa macho yangu, na saini ilikuwa nzuri kuliko zote nilizoziona juma lile.

Najua hesabu hiyo ya arobaini na tisa itakukasirisha. Nami imenikosesha utulivu. Hata hivyo najaribu kuwa mwadilifu katika kuitafakari. Hakuna mezani petu anayetuchukia. Kanuni ni moja kwa wote, imeandikwa kwa lugha isiyomtaja mtu, na bila kanuni yoyote mtu angeweza kupiga kura ya jirani yake. Vijana wanaotia saini kwa haraka hukataliwa pia, hata wa kizungu. Je, kanuni inayowaangukia watu wetu zaidi ni kanuni mbaya, au ni kanuni nzuri iliyotukuta tukiwa na mazoea mengine? Nimeigeuza hoja hii pande zote, na kila upande naona una mantiki yake.

Watu wa Nohemí wamepewa orodha ya waliokataliwa, kwa kuwa orodha hiyo ni ya wazi kisheria, na wanazunguka majumbani na fomu. Mjomba Fermín yumo katika orodha! Alipopelekewa fomu alifoka hadi mbwa wake wakajificha: "Mimi? Mimi nithibitishe kwamba mimi ni mimi? Miaka kumi nalipa kodi ya ardhi na hawajawahi kuikataa saini yangu kwenye hundi!" Fomu akaichana. Kura yake, kwa kadiri tujuavyo, ilikuwa ya Hutchins.

Pole na uuguzi. Nakuombea nguvu.

Wako,
Maricruz


Huertas Viejas
Jumanne, 14 Novemba

Maricruz,

Umeandika imefika. Hukuandika imehesabiwa. Nilidhani ni adabu ya ofisi.

Jana shoga yangu Chabela kapiga simu duka la dawa. Alikwenda kunimwagilia maua, akakuta kwenye sanduku langu la barua karatasi ya wilaya, imekaa pale tangu mwezi uliopita. Nikamwambia afungue. Akanisomea: saini yako haifanani na iliyomo kwenye kumbukumbu. Nikamwambia soma tena. Akasoma tena. Mwanangu, nusu ya kijiji ilinisikia nikitukana kwa lugha mbili, na mwenye duka, yule mbea, akanisogezea kiti na glasi ya maji.

Haifanani! Nimewapa saini iliyonizikia mume. Nimewapa saini iliyokufanya wewe uwe mwanangu, na hakimu aliipokea, hakuitazama mara mbili. Wao wana ile ya kuku kwenye matope, na hiyo ndiyo Eduviges wanayemjua! Nilipowapa iliyo mbaya walinipa leseni na uraia. Nilipowapa iliyo bora wakaniita mwongo.

Na wewe unaniandikia upande huu una mantiki na upande ule una mantiki. Tofaa lina pande pia, lakini likioza limeoza.

Sasa nisikilize. Hiyo saini haikujikataa. Kuna mtu alikaa kwenye kiti, akaitazama, akasema hazifanani. Wewe uko mle ndani, unawajua wote. Nitafutie jina lake. Sitamfanya kitu, nitafanya nini, mwanamke wa miaka sitini na mitatu niliye huku nambadilishia dada yangu nepi? Nataka jina tu. Wao wamelitazama langu, nami nataka kulitazama lake.

Eduviges


Cold Ferry
Jumamosi, 18 Novemba

Shangazi,

Jina ni Maricruz Arreola.

Ilikuwa Jumanne, tarehe 24 Oktoba, siku tatu baada ya wewe kuondoka. Niliutambua mkia kabla sijasoma jina. Mizunguko mitatu, mstari unarudi. Chini yake kulikuwa na ile ya leseni, na ni kweli, mtu asiyekujua angeapa ni watu wawili.

Kanuni inasema mfanyakazi akiona bahasha ya jamaa yake, aseme, amwachie mwingine. Ni sentensi moja tu. Nilikuwa nimeifungua midomo. Gwen akaegemea upande wangu akasema, "Maridadi hii! Lakini hazifanani, au wewe waonaje?" Nikakumbuka ule utani wa binamu zangu wote. Nikaona nikisema "huyu ni shangazi yangu," watacheka tena, na safari hii watakuwa na haki ya kucheka. Nikasema, "Hazifanani."

Yote niliyokuandikia kuhusu kanuni ilikuwa kujificha nyuma yake, na kanuni yenyewe sikuitii. Niliivunja ile moja ambayo labda ingekuokoa, ili nionekane natii zilizobaki. Kisha nikaacha siku ishirini na tano zipite. Ningeweza kupiga simu duka la dawa, mwenye duka asikilize akitaka. Sikupiga.

Ndani ya bahasha hii imo fomu ya kuthibitisha. Ukiitia saini kama ulivyoitia kwenye kura, ndiyo itakayolinganishwa na ile ya bahasha, na kura yako itafunguliwa. Mwisho ni Jumatatu, tarehe 27, saa kumi na moja jioni. Nohemí sasa yuko nyuma kwa kura nne tu. Don Abundio ameahidi kutolala njiani.

Sikuombi unisamehe katika barua hii, kwa sababu fomu ndiyo ya haraka, na sitaki viwili hivyo vichanganyike.

Maricruz


Huertas Viejas
Jumatano, 22 Novemba

Maricruz,

Abundio yuko mlangoni anapiga honi. Nimemwambia angoje hadi nimalize kukasirika. Amesema basi atashusha godoro.

Nimesoma barua yako nimesimama. Remedios akaniuliza nani kafa. Nikamwambia hakuna.

Kuhusu ule mkanda sijawahi kukusimulia hili. Mwaka wa kwanza kwenye banda la matunda, msimamizi alikuwa akija kusimama nyuma yangu. Akishasimama, mikono yangu inaanza kutupa. Matofaa mazuri, mekundu, hayana hata alama, natupa kwenye pipa la kusagwa juisi, ili aone kwamba mimi ni mkali, kwamba mimi si mvivu kama wanavyowasema watu wetu. Alikuwa hata haangalii mikono. Alikuwa anasubiri kengele ya chai. Nilitupa mwaka mzima kabla sijajua hivyo. Kwa hiyo usidhani sielewi. Naelewa vizuri mno, na ndiyo maana nimekasirika namna hii.

Maana tofaa halikukusomesha. Tofaa halikukaa mlangoni mwa shule likikusubiri na koti la mvua. Wewe uliuona mkia wa babu yako ukaukana mbele ya mwanamke aliyekupa kipande cha mkate.

Fomu hii hapa, nimeitia saini. Tazama kama mkono umetetemeka. Haukutetemeka.

Usiitie kwenye sanduku la nje. Ipeleke mwenyewe hadi kwenye ile meza, wakiwa wamekaa wote, na useme kwa sauti: huyu ni shangazi yangu, na aliyemkataa ni mimi. Hivyohivyo, bila mantiki ya upande wa pili. Ukishindwa, usinitumie vitunguu wala barua.

Kuhusu kukusamehe, Abundio ana haraka.

Eduviges


Cold Ferry
Jumatano, 29 Novemba

Shangazi,

Niliipokea fomu Jumapili jioni, na Jumatatu saa tatu asubuhi nilisimama mbele ya meza nikasema maneno yako kama ulivyoyaandika, kwa sauti, bila kuongeza. Mashine ya picha iliendelea kuvuma. Bibi Lorraine, mkuu wa ofisi, aliipokea fomu, akailinganisha mwenyewe na bahasha, akagonga muhuri. Kisha akaniomba kitambulisho changu cha kazi. Hakunitukana. Alisema tu, "Hili ungenieleza tarehe ishirini na nne, nisingelazimika."

Gwen alinifuata hadi kwenye maegesho, hana hata koti. Akasema, "Ungeniambia tu, mpenzi. Ningeipitisha."

Nimekasirika tangu saa ile, na hasira hiyo imekataa kutulia mahali pamoja. Kwanza ilikuwa juu yangu. Halafu nikajiuliza: Ningeipitisha! Kwa nini basi hukuipitisha bila kuambiwa? Ina maana saini ya mwanamke wa kwetu hufanana anapokuwa na jamaa mezani, na haifanani asipokuwa naye? Na kama ndivyo, wale ambao hawana mpwa ndani ya ofisi wafanye nini, waazime? Nilitaka kumwuliza hayo yote. Nilimwona anavyotetemeka kwa baridi, nikamwambia arudi ndani.

Kura yako ilifunguliwa Jumatatu hiyohiyo mchana. Jana matokeo yamethibitishwa. Nohemí ameshindwa kwa kura mbili.

Alipita nyumbani jioni na sufuria ya tamale za mahindi, kana kwamba mimi ndiye niliyefiwa. Nilimweleza yote. Alikula mbili, kisha akasema, "Miaka minne iliyopita hatukuwa hata na mtu wa kushindwa. Januari utakuja ukumbi wa kanisa, uwafundishe watu kubadilisha saini zao kwenye kumbukumbu. Na utaanza kwa kuwaambia ulichofanya, au hutaanza kabisa." Nimekubali. Mjomba Fermín amesema atakuja. Si kwa ajili ya Nohemí, asema, bali kwa ajili ya saini yake. Bango la Hutchins amelitoa, na hakuweka lingine.

Sasa nirudi kwenye swali nililokuandikia mwanzo, kwa kuwa nilidhani safari hii ningelijibu. Kati ya bahasha zile hamsini na nane, kumi na saba zilipita kwangu. Sita zilirekebishwa, yako ikiwa mojawapo. Kumi na moja hazikurekebishwa: waliohama, waliokuwa mashambani, walioona barua ya serikali wakaogopa kuifungua, au waliokasirika kama Mjomba. Kumi na moja ni zaidi ya mbili. Lakini siwezi kusema kwamba nilimwangusha Nohemí, maana huenda wengine walimpa Hutchins, nao wana haki hiyo kama wewe. Wala siwezi kusema kwamba sikumwangusha. Bahasha zimefungwa, na sheria inasema zitasagwa hivyohivyo zilivyofungwa.

Hilo ningeweza kuishi nalo. Ambalo sijui nilifanyeje ni jingine: katika zile kumi na moja, ni ngapi nilizikataa kwa macho na ngapi kwa hofu? Nimekaa mezani kwako jikoni, nimefumba macho, najaribu kuzirudisha moja moja. Kila moja niliitazama kwa muda wa pumzi moja. Wewe nilikukumbuka kwa sababu ya mkia. Wale wengine, Shangazi, simkumbuki hata mmoja.

Maua yako nimeyamwagilia. Sijui kama barua hii utaifungua.

Maricruz